Alifunga au Alinyimwa?

Zilibaki kama dakika kumi adhana ya magharibi isikike. Uji wa pilipili manga ulikwisha kumiminwa vikombeni na kuanza kufanya utando juu, kaimati zimefunikwa kawa, mihogo ya nazi imetulia sufuriani. Mliofunga mnazijua dakika hizo. Ni ndefu kuliko mchana kutwa. Nikatoa simu nimwoneshe shangazi kitu cha kusukumia muda.

Bibi wa miaka 88 anapokea tuzo.

Ni video ya Juni 2013, tuzo za Tony, zile za maigizo ya jukwaani, ukumbi wa Radio City jijini New York. Cicely Tyson, mwigizaji mweusi wa Marekani, amesimama jukwaani, mwembamba kama ufito, anashukuru. Mbele yake kuna skrini inayowahesabia washindi muda, na wake umekwisha. Akayasoma yale maandishi kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia.

"Wamemwandikia nini?" shangazi akauliza.

"Wanamwambia afunge."

"Afunge?"

"Afunge hotuba. Muda umeisha."

Nikamweleza utani wenyewe. Neno walilomwandikia lina maana mbili kwa Kiingereza: kumaliza jambo, na kumzungushia mtu nguo au mikono. Naye akawageuzia hapohapo. Ndivyo mlivyonifanya mimi, akawaambia, mmenizungushia mikono yenu baada ya miaka 30. Ukumbi ukalipuka.

Shangazi hakucheka.

"Miaka 30 alikuwa wapi?"

"Hakupanda jukwaa la Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York. Huyu alikuwa mtu wa kukataa kazi, shangazi. Akiletewa uhusika wa kumdhalilisha mtu mweusi, anasema hapana, bora akae nyumbani." Nililisema hilo kwa fahari, utadhani niliyekataa ni mimi.

"Kwa hiyo alifunga."

Nikacheka. "Ndiyo. Alifunga."

"Au alinyimwa?" Alikuwa anaipanga tende kwenye sahani, hata hakuniangalia. "Maana aliyefunga na aliyekosa wote wana njaa, mwanangu. Tumbo halijui tofauti."

Adhana ikaingia. Tukafuturu. Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, nikarudi Dar es Salaam kwenye foleni zangu, na lile swali nikaja nalo.

Hadithi niliyoizoea

Wengi wetu tulimfahamu akiwa tayari bibi. Tulimwona kwenye zile filamu za Tyler Perry zilizokuwa zikiuzwa nane ndani ya diski moja. Au tulimwona ni Ophelia, mama yake Annalise kwenye tamthilia ya How to Get Away with Murder, kakaa nyuma ya bintiye anamchana nywele na kumgawanya mistari, huku anamsimulia, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya nyanya, jinsi nyumba ilivyoungua na aliyekuwa ndani yake. Kama hujaiona sehemu ile, acha kusoma kwanza.

Ya nyuma ya hapo tuliyapata kwa kusimuliwa, na husimuliwa hivi. Binti wa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis, kazaliwa 1924, kakulia New York. Anapiga taipu ofisi za Msalaba Mwekundu. Siku moja anasukuma kiti nyuma na kuwaambia wenzake ana hakika Mungu hakumleta duniani aje kugonga mashine maisha yake yote. Anakuwa mwanamitindo, kisha mwigizaji. Mama yake ni mtu wa kanisa na kwake jukwaa ni nyumba ya dhambi, anamwambia kama ni hilo, humu ndani usikae. Halafu kazi zinakuja, na yeye anazikataa. Anakataa, anakataa, anakataa. Mwisho dunia inamwinamia.

Tamu, sivyo? Nimeisimulia mara nyingi.

Ila "kukataa" ni kitenzi kinachompa mtendaji kila kitu. Ukisema fulani alikataa, tayari umeshasema kwamba kulikuwa na sahani mezani. Shangazi aliuliza kama sahani ilikuwepo.

Kinyozi wa Harlem

Nikaanza na nywele, kwa sababu hapo ushahidi uko wazi.

Kabla hajajulikana sana, Tyson alipewa uhusika wa mwanamke wa Kiafrika kwenye tamthilia ya televisheni iliyorushwa moja kwa moja. Ni mke anayetaka kushika ya kwao wakati mume anataka kufanana na wenyeji. Tyson akajitazama kwenye kioo na nywele zake zilizonyooshwa. Akaona haiwezekani. Mwanamke huyu nywele zake hazingekuwa hivi. Usiku wa kuamkia kurusha akaenda kwa kinyozi wa wanaume huko Harlem, mtaa wa watu weusi New York, akaketi, akaomba zikatwe fupi kabisa na kuoshwa mpaka zirudi zilivyoumbwa. Kesho yake akaingia studio na kitambaa kichwani. Hakuna aliyejua mpaka alipokivua.

Mwaka 1963 akapata nafasi ya kudumu kwenye tamthilia ya CBS, East Side/West Side, akiwa Jane Foster, katibu katika ofisi ya ustawi wa jamii, pamoja na George C. Scott. Nywele zilezile. Mwanamke mweusi kila wiki sebuleni kwa Wamarekani, nywele zake za kipilipili, anafanya kazi ya ofisini. Baadhi ya vituo vya majimbo ya Kusini havikuitaka tamthilia hiyo, nayo ilidumu msimu mmoja tu. Lakini Tyson alipenda kusimulia jambo moja: barua alizoandikiwa na wasusi. Walimlalamikia kwamba anawaharibia biashara. Wateja wao wanakuja kukata, hawaji tena kunyoosha.

Nilipokuwa nasoma habari hizi nilikuwa nimekaa saluni, Kinondoni, kichwa kimejaa dawa, kinawasha, na dada wa saluni ananiambia nivumilie dakika tano. Sisemi zaidi.

Tazama lakini. Hapa hakuna kilichokataliwa. Alipewa kazi akaikubali, kisha akaifanya kwa ukweli zaidi kuliko walivyoiomba. Ile hadithi ya kukataa haikai vizuri hapa, ingawa mapicha yote ya nywele zile huwekwa chini yake.

Makahaba wawili

Kilichonivuruga zaidi ni hiki.

Mei 1961, ukumbi mdogo wa St. Mark's Playhouse, New York, ulifungua igizo la Jean Genet liitwalo The Blacks. Waliokuwemo, ukiwataja leo, unaona kama mtu katunga: James Earl Jones, Maya Angelou, Louis Gossett Jr., Roscoe Lee Browne, Godfrey Cambridge. Na Cicely Tyson. Igizo likachezwa zaidi ya mara 1,400. Tyson alikuwa Virtue. Virtue ni kahaba.

Mwaka uliofuata akacheza Moon on a Rainbow Shawl, igizo la Errol John wa Trinidad kuhusu watu maskini wanaoishi ua mmoja. Alikuwa Mavis. Mavis naye ni kahaba.

Kazi hizo zikampa tuzo ya Vernon Rice, ambayo ndiyo sasa inaitwa Drama Desk. Yaani huyu ninayemhubiri kwamba hakukubali kucheza makahaba na watumishi, jina lake lilianza kupaa kwa makahaba wawili mfululizo. Na akiwa na miaka zaidi ya themanini alikuja kuwa Constantine kwenye The Help, mtumishi mweusi katika nyumba ya wazungu.

Siku hiyo nilifunga laptopu nikaenda kuosha vyombo. Nikiudhika huwa naosha vyombo.

Mbele ya sinki nikamkumbuka Hattie McDaniel, mweusi wa kwanza kupata Oscar, Februari 1940, kwa kucheza mtumishi, usiku ambao alikalishwa kwenye meza ya pembeni mbali na wenzake wa filamu ileile. Walipomsema kwamba anawaaibisha watu wake kwa kucheza yaya kila leo, jibu analonukuliwa nalo ni kwamba afadhali kulipwa dola 700 kwa wiki kuigiza mtumishi kuliko dola 7 kuwa mtumishi. Kwake sahani ilikuwa moja tu, na alijua hivyo. Tukimpigia makofi Tyson kwa kukataa, tunamwambiaje McDaniel? Kwamba alikuwa mlafi?

Basi aliloligomea Tyson haliwezi kuwa aproni. Lazima ni kitu kingine.

Mwandishi wa habari na neno "baba"

Mwaka 1972 ilitoka Sounder. Familia ya wakulima weusi Louisiana miaka ya 1930, baba anaiba nyama ili wanawe wale, anapelekwa kwenye kazi ngumu gerezani, mama anabaki na shamba. Mwanzoni walimtaka Tyson awe mwalimu wa shule. Yeye alimtaka Rebecca, yule mama. Wakamwambia yu mdogo mno, mrembo mno.

Sasa hapa mtacheka. Meneja wake wa kwanza alikwisha kumpunguzia miaka kumi kwenye karatasi, na kwa miongo mingi dunia iliandika kwamba kazaliwa miaka ya 1930. Wakati wanamwambia yu mdogo mno kwa Rebecca, alikwisha kuvuka miaka 45.

Alimpata Rebecca. Kuna sehemu mume anarudi, anachechemea, yuko mbali barabarani kama nukta. Mbwa ndiye anayemtambua kwanza. Kisha Rebecca anamwona, anaanza kukimbia. Si ukimbiaji wa sinema. Mikono inarukaruka, gauni linamtatiza miguu, mdomo unaita jina na vumbi linaingia. Mimi sijawahi kuivuka sehemu hiyo na macho makavu, na nimejaribu.

Akateuliwa kuwania Oscar, na mwaka huohuo aliteuliwa Diana Ross. Wanawake wawili weusi kwenye orodha moja ya mwigizaji bora wa kike. Hilo halikutokea tena mpaka 2021, miezi michache baada ya Tyson kufariki. Aliyeshinda mwaka ule ni Liza Minnelli.

Lakini jambo lililomgeuza Tyson ni la kwenye ziara ya kuitangaza filamu. Mwandishi wa habari, mzungu, alinyanyuka akakiri kwamba kuna kitu kilimsumbua alipokuwa anaitazama. Yule mtoto mkubwa anamwita babake "Baba". Kwa nini hilo limsumbue? Kwa sababu, alisema, mwanangu nami huniita hivyohivyo.

Rudia kusoma polepole.

Mtu mzima, kasoma, anaandika magazeti, alihitaji kwenda sinema ili agundue kwamba mtoto mweusi naye ana baba na humwita baba. Na alikuwa mtu mwema, maana alithubutu kulisema mbele za watu. Tyson alisimulia mara nyingi kwamba hapo ndipo alipoamua kwamba kuwa mwigizaji tu ni anasa asiyoweza kuimudu. Kazi yake ingekuwa jukwaa la kusemea. Na hapohapo ndipo kukataa kulipoanza hasa, wakati Hollywood ilikuwa inamwaga filamu za makuwadi, wauza unga na wanawake wa mapambo. Mwigizaji mweusi aliyetaka kula angekula.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Alichokuwa akikikataa ni mhusika asiye na mtu ndani. Virtue na Mavis walikuwa na watu ndani yao, kadhalika Constantine. Aproni haikuwa na neno, neno lilikuwa kama aproni hiyo imevaliwa na mtu au imetundikwa msumarini.

Nikafurahi kwa siku mbili. Ndipo nikakumbuka kwamba hilo linajibu swali langu. La shangazi bado.

Hadi kwenye bomba

Januari 1974 akaja na Jane Pittman, kwenye filamu ya televisheni. Mwanamke aliyezaliwa utumwani anayeishi hadi miaka 110 na kuiona harakati ya haki za kiraia. Tyson alimcheza kuanzia ujana. Stan Winston na Rick Baker walimjengea uso wa kikongwe, mkunjo juu ya mkunjo. Kwenye karatasi anapunguziwa miaka kumi, kwenye uso anaongezewa sitini. Mwanamke huyu na umri walikuwa na kesi isiyoisha.

Mwishoni Jane anatembea, kashika mkongojo, kuelekea kwenye bomba la maji mbele ya mahakama. Bomba la wazungu tu. Polisi wamesimama. Kamera haina haraka na yeye hana haraka. Hakuna hotuba. Anafika, anainama, anakunywa. Anarudi alikotoka.

Usiku ule Marekani yote ilimtazama mwanamke mmoja akinywa maji.

Filamu hiyo ilizoa tuzo tisa za Emmy, mbili zikiwa zake mwenyewe. Ungetarajia baada ya hapo milango ifunguke mpaka bawaba zing'oke. Kwenye televisheni kazi zilikuja, tena nzuri: mama yake Kunta Kinte katika Roots mwaka 1977, Coretta Scott King na Harriet Tubman mwaka uliofuata, mwalimu Marva Collins 1981. Lakini sinema kubwa, zile ambazo mwigizaji mzungu aliyeteuliwa Oscar huletewa kwa rundo, hazikuja kwa rundo. Waliokuwa na pesa hawakuwa wakiandika wanawake weusi wa aina yake. Hapo sioni alichokataa. Huwezi kuirudisha sahani ambayo haikupikwa.

Shangazi moja, mimi sifuri.

1983

Sasa ile miaka 30. Nikaifuata mpaka inapoanzia.

Inaanzia kwenye igizo The Corn Is Green, Broadway, 1983. Tyson alikuwa Miss Moffat, mwalimu katika kijiji cha wachimba makaa huko Wales, uhusika ambao mwandishi aliuandika kwa mwanamke mzungu. Lilifunguliwa Agosti. Septemba likafungwa.

Kufungwa tena. Kiswahili chetu hiki! Igizo limefungwa, mlango umefungwa, hotuba imefungwa, mtu amefunga. Mimi nilitumia kitenzi kimoja nikadhani nimetafsiri utani, kumbe nimemkabidhi shangazi ufunguo.

Kwa hiyo ile miaka 30 haikuanza na hapana ya kishujaa. Ilianza na igizo lililoanguka. Ilikuwa pia katikati ya ndoa yake na Miles Davis, mpiga tarumbeta maarufu wa jazz, waliyefunga naye ndoa 1981 na kuachana mwishoni mwa muongo huo. Tyson alimtoa Miles kwenye dawa za kulevya na maradhi. Miles mwenyewe aliandika kwamba alimpiga. Kwenye hadithi niliyoizoea sehemu hii huwa inarukwa, au inawekwa picha nzuri ya harusi. Miaka ya mwigizaji mkubwa ilitumika kumuuguza mwanamume mkubwa. Hiyo ni kufunga au kunyimwa? Sijui iwekwe wapi. Wanawake wa kwetu wakiulizwa hilo hubadilisha mazungumzo.

Na pesa? Tyler Perry amesimulia kwamba alipoambiwa na Tyson alilipwa kiasi gani kwa Sounder, moyo ulimuuma. Alipompa kazi ya siku moja kwenye filamu yake, akamlipa dola milioni moja. Siku moja. Watu waliichukulia kuwa ni habari ya ukarimu. Mimi baada ya swali la shangazi nimeanza kuisoma kama stakabadhi ya deni, na anayelipa siye aliyekopa.

Anachosema tumbo

Nilikuwa karibu kukata tamaa na makala hii, nimeshaandika kichwa kingine kabisa, kuhusu bei za nauli, ndipo nikakutana na jibu lake kuhusu namna anavyochagua kazi. Alilirudia kwa miaka mingi kwa maneno yanayofanana. Akisoma muswada, alisema, hutokea moja kati ya mawili: ama ngozi inamsisimka, na hapo anajua lazima aifanye, ama tumbo linamchafuka, na hapo anajua hawezi.

Tumbo!

Nikaacha kila kitu nikalitazama lile neno. Shangazi kasema tumbo halijui tofauti. Huyu mama wa Harlem anasema tumbo ndilo linalojua, tena ndilo linalojua kabla ya kichwa. Nani mkweli?

Nadhani wote, na ndiyo maana sikuweza kulala. Tyson alinyimwa. Hilo sasa sibishani nalo. Lakini ndani ya kunyimwa kule, mara chache sahani ilipoletwa na chakula kimeoza, tumbo lenye njaa halikusema nipe tu. Watu wengi, mimi mmoja wao, tumbo letu likiwa tupu husema nipe tu. Nimeshaandika matangazo ya mikopo ya simu ambayo nisingemruhusu mama yangu ayasome. Ngozi haikusisimka. Nililipwa kwa wakati, na nikanunua friji.

Friji bado linafanya kazi.

Basi la kwenda Bountiful

Mwaka 1985 ilitoka filamu ya The Trip to Bountiful, ya mwandishi Horton Foote wa Texas. Bibi Carrie Watts anaishi kwa kubanana Houston na mwanawe na mkamwana, anaficha hundi yake ya pensheni ili atoroke, apande basi, akakione tena kijiji alikokulia. Kijiji chenyewe hakina tena mtu hata mmoja. Geraldine Page alipata Oscar kwa uhusika huo. Tyson aliitazama, akatoka hapo akaenda moja kwa moja ofisini kwa wakala wake: nitafutie Bountiful yangu, akamwambia, na baada ya hapo nitastaafu.

Ilichukua zaidi ya miaka 25. Foote alikwisha kufariki. Aprili 2013 pazia likafunguliwa ukumbi wa Stephen Sondheim, na Bibi Watts alikuwa mwanamke mweusi kutoka Harlem, ana miaka 88.

Kuna sehemu yuko kituo cha basi usiku, anaanza kuimba wimbo wa kanisani. Ni ule ambao majirani zetu Wakristo kule Tanga huuimba kwenye misiba, Ndiyo Dhamana. Anaimba na kuchezacheza kidogo, kijibibi cha watu na kipochi chake. Na usiku baada ya usiku jambo likawa linatokea ambalo hakuna aliyelipanga. Watazamaji walijiunga. Kwanza mmoja kule nyuma, halafu safu, halafu ukumbi. Broadway, tiketi ya bei mbaya, na watu wanaimba kama wako ibadani.

Waliokuwa wakiimba walikuwa wamenyimwa nini wao? Maana naye hakuwa peke yake kwenye ile miaka 30. Kuna wanawake weusi waliokuwa wakinunua tiketi muda wote huo na hawakumwona bibi yao jukwaani.

Akashinda Tony, mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuwa wamewahi kushinda tuzo ile ya mwigizaji bora wa kike kwenye igizo. Wakamwambia afunge hotuba. Yaliyofuata mnayajua, nilianza nayo.

Na hakustaafu. Mwaka 2015 alikuwa tena Broadway kwenye The Gin Game, wazee wawili wanacheza karata na kugombana, yeye na James Earl Jones, yuleyule wa ukumbi mdogo wa 1961. Mwaka 2018 wakampa Oscar ya heshima, mwigizaji wa kike mweusi wa kwanza kuipata. Januari 26, 2021 kikatoka kitabu cha maisha yake, ambamo alieleza mwenyewe habari ya ile miaka kumi iliyopunguzwa. Siku mbili baadaye akafariki, na miaka 96, yote kamili.

Simu

Shangazi aliwahi kuimba. Sikuwaambia hapo juu kwa sababu hata mimi nilikuwa sijaliunganisha. Tanga ya enzi hizo ilikuwa na taarab kila mtaa, naye alikuwa na kikundi, na watu wazima wa Ngamiani bado humtajia mtu sauti ile. Akaolewa, akaacha. Kwenye familia husemwa hivi: shangazi yenu alikataa mwenyewe kuendelea. Husemwa kwa fahari.

Wiki iliyopita nikampigia. Nikamweleza yote, makahaba, mwandishi wa habari, dola milioni, tumbo. Akasikiliza, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Kisha nikamuuliza: na wewe?

Akanyamaza muda wa kutosha nikaangalia kama salio limekatika.

"Lilikuja gari kunichukua," akasema. "Harusi ilikuwa Pangani. Wamevaa, wanapiga honi. Marehemu yuko barazani, kakaa, hasemi kitu. Nikatoka mpaka mlangoni nikawaambia nendeni, mimi leo nimefunga."

"Ulikuwa umefunga kweli?"

"Nilikuwa nimetoka kula wali sasa hivi, vidole bado vina mchuzi."

Akacheka, ile ya kwake ya kifuani. Nikacheka nikiwa sijui kama inafaa.

"Sasa yule bibi," akasema, "kile kipande anachoimba akisubiri basi. Nitumie."

"Shangazi, ule ni wimbo wa kanisani."

"Mimi nimekuuliza ni wa wapi?"